Saa Mia Moja na Sitini

Mwaka 1994 nilikuwa naishi katika mji mdogo wa chuo kikuu, jimbo la Illinois, Marekani. Mume wangu alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika elimu ya udongo, nami nilikuwa nalea watoto wawili, wa kiume mwenye miaka saba na wa kike ambaye hakuwa ametimiza miwili. Kule ndiko nilikojifunza biashara ambayo kwetu Tanga sikuwahi kuiona. Mtu hukusanya vitu asivyovihitaji tena, huvipanga kwenye gereji ya nyumba yake, hubandika bei juu ya kila kimoja, na Jumamosi asubuhi majirani na wapita njia huja kununua. Wenyewe huita uuzaji wa gereji. Mimi niliita gulio, kwa kuwa lilinikumbusha magulio ya kwetu, ila huku muuzaji na mnunuzi wote walikuwa na magari.

Katikati ya mwaka ule kaka yangu aliniandikia barua. Pamoja na salamu na habari za mvua alieleza kwamba katika shule ya msingi ya kijijini kwetu watoto wa madarasa ya chini walikuwa wanakaa sakafuni, wakiandika juu ya magoti. Hakuomba kitu. Lakini msomaji wangu anajua barua ya kaka isiyoomba kitu ina uzito gani. Posho ya mume wangu ilitosha kodi, chakula na nauli ya basi, basi. Nikamweleza habari ile bibi mmoja mjane aliyekaa mtaa wa pili. Akanijibu kwamba gereji yake haikuwa na gari tangu mumewe afariki, nami ningeweza kuitumia kufanyia uuzaji kwa ajili ya madawati.

Matayarisho yalichukua wiki tatu. Watu walitoa kwa ukarimu kuliko nilivyotarajia: sahani, taa, vitabu, kiti cha kubembea, baiskeli isiyo na mnyororo, na nguo za watoto mifuko kwa mifuko. Tatizo ni kwamba walivileta kwangu, si kwa yule bibi, kwa sababu mimi ndiye niliyewaomba. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Nguo zilizohitaji kufuliwa nilizirundika ndani ya bafu, na kwa siku kumi hivi watoto wangu wakaogea ndoo na kata, Marekani, kana kwamba hatukutoka Muheza. Kijana wangu alifurahi sana. Baba yake hakufurahi. Alikuwa anarudi maabara saa tatu usiku, anakuta mezani pamejaa vikombe vya watu na karatasi za bei, na chakula hakijaivishwa. Usiku wa Alhamisi, siku mbili kabla ya gulio, mtoto mdogo alishikwa na homa ya sikio. Nilimbeba mgongoni kwa kanga hadi alfajiri, huku mikono yangu ikiendelea kubandika bei. Sijui kama nilifanya hivyo kwa bidii au kwa ukaidi.

Jumamosi yenyewe ilikuwa fupi. Tulitangaza kufungua saa mbili asubuhi, lakini saa kumi na mbili wachuuzi wa vitu vya kale walikwishafika na kurunzi zao, wanachungulia dirishani. Mpaka saa nane mchana meza zilikuwa tupu nusu. Nilihesabu mara tatu: dola 431.

Usiku ule, watoto wamelala, mume wangu alichukua daftari nililoandikia mauzo akalifungua ukurasa wa mwisho. Yeye ni mtu wa hesabu. Aliniuliza kwa upole, siku baada ya siku, nilitumia saa ngapi. Tukajumlisha pamoja: saa 160. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya Marekani wakati ule kilikuwa dola 4.25 kwa saa. Akazidisha, akapata dola 680.

"Mama watoto," akasema, "kama ungefanya kazi ya kuosha vyombo mkahawani kwa saa hizohizo, ungewapelekea dola 680 badala ya 431. Na nyumba ingekuwa na bafu."

Sikuwa na jibu. Nilijua amekosea mahali, lakini sikujua wapi. Kuanzia wiki iliyofuata, kila binti yangu aliposinzia kwenye kigari chake, nilimsukuma hadi maktaba ya chuo kutafuta habari za watu waliofanya jambo hili kabla yangu. Mengine nimeyasoma miaka ya baadaye, lakini swali ni lile la usiku ule.

Nilianza na neno lenyewe. Wazee wa Uingereza na Marekani waliita uuzaji wa namna hii rummage, neno lililotoka katika Kifaransa cha kale, nalo lilihusu kupanga shehena ndani ya ngama ya meli. Kwa mtu aliyekulia karibu na bandari ya Tanga hilo halikuwa gumu kulielewa. Gereji nayo ilikuja baadaye sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi za Marekani zilihamia vitongojini, kila moja na nyumba yake na gari lake, na chumba cha gari kikajaa vitu visivyo na nafasi ndani. Kufikia miaka ya 1970, bei za vitu zilipopanda kwa kasi, uuzaji wa gereji ulikuwa umeenea hata miji mingi ikatunga sheria ndogo za kuweka kikomo cha mara ambazo kaya moja inaweza kuuza kwa mwaka. Mwaka 1987 huko Tennessee walianzisha gulio la kando ya barabara kuu namba 127, ambalo leo hutandazwa kutoka Michigan hadi Alabama, maili 690. Hayo ni ya kuchangamsha tu. Niliyoyatafuta yalikuwa ya zamani zaidi, nayo hayakuwa ya magari.

Mwezi Desemba 1834, mjini Boston, akina mama wa chama cha kupinga utumwa waliandaa uuzaji wao wa kwanza wa kuchangia harakati zao. Waanzilishi walikuwa Lydia Maria Child, mwandishi, na Louisa Loring. Baadaye uongozi ulishikwa na Maria Weston Chapman pamoja na dada zake, na uuzaji ule ukawa wa kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliuza vitu vilivyoshonwa na kufumwa majumbani, na vingine vilivyoletwa kwa meli kutoka kwa marafiki wa Uingereza. Fedha zilisaidia kuendesha magazeti na safari za wasemaji waliopinga utumwa.

Hapo nikakutana na mume wangu, namna ya kusema. Mwaka 1858 Chapman mwenyewe aliamua kuufuta uuzaji ule. Badala yake akaweka jioni moja ya mwaka ambapo watu wangekuja, wazungumze, watoe fedha taslimu, waende zao. Hoja yake ilikuwa ile ya kwenye daftari langu: kwa nini kushona mwaka mzima ili kupata kile ambacho mtu anaweza kukitoa kwa kufungua mkoba? Kwa hesabu alikuwa na haki. Lakini si wanawake wote waliofurahi, na nadhani naelewa. Chapman alikuwa mke wa mfanyabiashara, alizoea watu wenye mikoba. Mwanamke wa mji mdogo aliyeleta soksi sita za kufuma kila Desemba hakuwa na mkoba. Alikuwa na sufu, na taa, na saa mbili baada ya watoto kulala. Ukimwambia atoe fedha badala ya soksi, umemtoa nje.

Ninayemkumbuka zaidi ni Mary Livermore wa Chicago. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, raia waliunda tume ya kuhudumia afya ya askari, na akina mama wa majimbo ya kaskazini ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Walifunga bendeji, walikausha matunda, walipeleka vitunguu na viazi kambini ili askari wasiugue kiseyeye. Kufikia mwaka 1863 fedha zilikuwa zinakwisha. Livermore na mwenzake Jane Hoge wakapendekeza maonyesho makubwa ya kuuza vitu vya kila aina. Walitarajia kupata dola 25,000. Wanaume wa tume, inavyosimuliwa, walicheka.

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1863 kwa maandamano marefu. Wakulima walikuja na mikokoteni ya viazi, kabichi na mapipa ya siki. Wanawake waliuza mashine, mapambo, picha, mifugo, na kila siku wakapika na kuandalia chakula cha mchana umati wa watu waliolipa. Rais Abraham Lincoln aliombwa atoe kitu, naye akatoa nakala aliyoiandika kwa mkono wake ya Tangazo la kuwakomboa watumwa la tarehe 1 Januari mwaka uleule. Iliuzwa dola 3,000, na kwa kuwa hakuna mchango mwingine uliopata fedha nyingi kama huo, Lincoln akapewa saa ya dhahabu iliyotengwa kuwa zawadi. Karatasi ile iliungua katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871. Jumla ya mapato ilizidi mara tatu ya yale waliyotarajia. Miji mingine ikaiga, na maonyesho ya New York ya mwaka 1864 yalivuka dola milioni moja.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Lakini Livermore alipoandika kumbukumbu zake za vita alisimulia kisa kidogo, nami nilipokisoma nilisimama nikatembea kidogo kati ya makabati ya vitabu. Walihitaji ukumbi wa ziada, wa mbao, wa muda. Wakaenda kwa mjenzi, wakapatana bei, wakaandika mkataba, wakatia sahihi zao. Mjenzi akasema sahihi hizo hazitoshi, anahitaji za waume zao. Wakamwambia watalipa taslimu mapema, fedha ziko benki, wao wenyewe ndio waliozitafuta. Akawaeleza kwamba kwa sheria hata fedha anazochuma mwanamke aliyeolewa ni za mumewe. Wanawake waliokuwa wanaendesha shughuli ya makumi ya maelfu ya dola ikabidi waende kuwaita waume zao waweke sahihi. Livermore alisema siku ile ndipo alipoazimia, vita vikiisha, kupigania kubadilishwa kwa sheria hizo. Jimbo la Illinois liliwapa wanawake walioolewa haki ya mapato yao wenyewe mwaka 1869, na mwaka huohuo Livermore alianzisha gazeti la kudai haki ya wanawake kupiga kura.

Hapo nikajua mume wangu alikosea wapi. Alizidisha saa zangu kwa dola 4.25, lakini hati yangu ya uhamiaji ilisema mimi ni mke wa mwanafunzi, na mke wa mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Hakuna mkahawa ambao ungeniajiri kihalali kuosha hata kikombe kimoja. Saa zangu hazikuwa na bei. Ziliweza kugeuka fedha kwa njia moja tu, kwa kupitia sahani na taa za watu wengine, ndani ya gereji ya mjane. Miaka mia moja thelathini na moja baada ya Livermore, jimbo lilelile.

Nilimweleza jioni ile wakati wa kula. Alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hilo nililisahau." Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza kwamba homa ya mtoto na chakula cha saa nne usiku havikuhitaji hati ya uhamiaji. Naye alikuwa na haki.

Kwa maana historia hii ina upande wa nyuma ambao waandishi wake wengi hawaufunui. Livermore alikuwa na mume mchungaji na mabinti wadogo. Aliwezaje kusafiri, kuandika barua, kusimamia maonyesho? Aliajiri mtunza nyumba na mwalimu wa kukaa na watoto. Mwenyewe hakuficha. Lakini huyo mtunza nyumba alikuwa nani, na wake nyumbani nani aliwapikia? Nimetafuta jina lake, sikuliona. Na wale waliopika chakula cha mchana cha maonyesho, siku baada ya siku, wengi wao walikuwa na waume vitani na watoto nyumbani, na kila sahani iliyoliwa ukumbini ilikuwa sahani ambayo haikupikwa mahali pengine. Katika hesabu za maonyesho utakuta bei ya viazi, ya nguo na ya tiketi, lakini hutakuta nani aliyebaki na mtoto.

Kwetu mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Mama yangu alitununulia sare za shule kwa vitumbua. Aliamka saa tisa usiku. Tulipokuwa wadogo tulidhani vitumbua ndivyo vilivyotununulia sare, na usingizi wake hatukuuhesabu, wala yeye mwenyewe. Aliposikia habari za gulio langu alicheka, akauliza kama Wamarekani hawana upatu.

Miaka ya baadaye niliona kwamba nami sikuwa wa kwanza kushangaa. Mtafiti wa Kimarekani, Gretchen Herrmann, alianza katika miaka ya 1980 kuchunguza magulio haya katika jimbo la New York. Aligundua kwamba wauzaji na wanunuzi wengi ni wanawake, na katika makala yake ya mwaka 1997 aliuliza kama kinachobadilishana mikono pale ni bidhaa au ni zawadi. Swali hilo nilikuwa nimekutana nalo Jumamosi ileile. Alikuja mama mmoja wa Kichina, naye mke wa mwanafunzi, akashika koti la mtoto nililokuwa nimeliandika dola tatu. Alifungua pochi, akahesabu sarafu kwa muda. Nikamwambia senti hamsini. Kaka yangu akisoma haya ataona dola mbili na nusu za madawati zimepotelea hapo. Sikuona njia nyingine.

Vilivyobaki, mifuko kumi na miwili, vilichukuliwa na lori la shirika la hisani. Wakati ule niliamini vinakwenda kwa maskini wa mji. Baadaye nilijifunza kwamba mashirika hayo huuza madukani mwao sehemu tu ya wanachopokea, na nguo nyingi zinazobaki huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, hufungwa marobota, hupakiwa melini. Tanzania ilifungua mlango kwa mitumba katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa, na kufikia miaka ya 1990 nusu ya mtaa wetu ilivaa kile ambacho watu walikiita kwa mzaha kafa Ulaya. Kwa hiyo huenda fulana niliyoiosha bafuni kwangu, watoto wakikosa pa kuogea, iliuzwa tena Tanga kwa mama fulani, naye akailipia. Yaani wa kwetu walichangia madawati yao wenyewe. Sikumweleza mume wangu hilo mapema, angefungua daftari.

Fedha zilitumwa Novemba. Akaunti ya benki ilikuwa ya mume wangu, maana ndiye aliyekuwa na posho. Baada ya kutoa gharama za kutuma, dola 416 ziligeuka shilingi 216,000, na fundi akatengeneza madawati 24 ya kukaa watoto watatu. Februari 1995 barua ya mwalimu mkuu ikafika, imepigwa chapa vizuri na mhuri wa shule. Ilimshukuru mume wangu, kwa jina lake kamili, kwa moyo wake wa kizalendo na kwa kutowasahau watoto wa nyumbani kwa mkewe.

Aliisoma kwa sauti. Alipofika mwisho aliona haya, akaniambia, "Waandikie uwaeleze."

"Waandikie wewe, baba," nikamwambia. "Jina ni lako."

Aliandika kurasa mbili. Hakunionyesha, lakini aliniomba tarehe ya gulio, idadi ya mifuko, na jina la yule bibi mjane.

Tulirudi nyumbani mwaka 1996. Nilikwenda shuleni peke yangu, siku ya Jumatano, bila kutoa taarifa. Watoto walisimama wakaniamkia kwa pamoja, kisha wakakaa, na nikasikia ule mlio wa mbao unaotoka watoto wengi wanapokaa kwa mara moja. Ubavuni mwa kila dawati, kwa rangi nyeupe, palikuwa na herufi za jina la mume wangu. Barua yake ilifika wakati rangi imekwisha kukauka, mwalimu mkuu alinieleza, na rangi nyingine haikununuliwa. Nilihesabu madawati. Yalikuwa 22. Mawili yalikuwa ofisini kwake, yamewekewa mafaili juu.

Mama mmoja alikuwa anafagia baraza, na mtoto mgongoni. Nikamuuliza kama shule inamlipa. Akasema hapana, ni zamu ya wazazi, na kwao zamu huwa yeye.